Mkeka wa Darasa la Pili

Mlango wa darasa la pili haukuwa na kelele. Milango mingine yote ya shule ile ilikuwa ya bati, na upepo ukiisukuma ilitoa kishindo cha kumwamsha hata aliyelala usingizi wa pono. Huu mmoja ulifungwa kimya, kwa sababu mwalimu wa darasa hilo alikuwa amekata ndala kuukuu vipande vipande na kuvigongomelea kwenye fremu, juu mpaka chini. Wenzake walimcheka. Mwalimu wa hesabu, mtu asiyeweza kupita mahali bila kuacha neno, alimwambia, "Bwana, siku ukikosa ndala za kuendea bafuni usije kugonga kwangu."

"Zilikuwa zimekatika mikanda," akajibu, na hayo yakawa maneno yake yote kwa asubuhi hiyo.

Watoto walimwita Mwalimu Taratibu. Aliyekimbia aliambiwa taratibu, aliyelia taratibu, aliyesoma akakwama, taratibu. Walidai hata mvua ikianza kupiga bati huiambia hivyo hivyo.

Baba yake alikuwa kinyozi, na yeye alikulia nyuma ya kibanda cha kunyolea, akifagia nywele za watu. Alikuwa na kigugumizi. Mwalimu wake wa kwanza alimpandisha juu ya dawati kila alipokwama, asimame huko mpaka neno litoke. Neno halikutoka. Alisimama huku darasa zima likimtazama, mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Kigugumizi kiliondoka chenyewe alipobalehe, kama mgeni asiyeaga, lakini woga wa kusema mbele za watu ulibaki. Alipokuwa mwalimu aliomba madarasa ya chini na hakutoka tena huko. Wenzake walipanda vyeo. Yeye alibaki na watoto wasiojua kufunga kamba za viatu. Nyumbani alikuwa na mke, fundi cherehani, aliyezungumza na wateja, na mashine, na kuku wa jirani. "Mimi ndiye mdomo wa nyumba hii," mkewe alipenda kusema. "Yeye ni masikio. Mungu hakutunyima, alitugawia tu."

Kisha wakaja watoto wa kambini.

Kambi yenyewe ilikuwa ng'ambo ya viwanda vya matofali. Waliokuwa humo walikuwa wamekimbia mapigano, na hawakuwa watu wa kabila moja wala wa njia moja ya maisha. Walichofanana ni kukimbia tu. Mwalimu Mkuu, mama mchapakazi aliyetembea kama anayechelewa, aliwapokea watoto wao na kuwagawa madarasani. Wawili walikuwa wavulana ndugu, wakaingia darasa la pili. Pamoja nao aliingia msichana mmoja wa watu wao, aliyeishi na bibi yake.

Msichana huyo hakusema. Si kwamba alikuwa bubu, maana wavulana wale walisema kambini huongea na bibi yake vizuri tu. Darasani alichagua dawati la dirishani na kutazama barabara inayotoka upande wa kambi, toka asubuhi mpaka jioni. Wenzake wakampa jina la Mlinzi.

"Mlinzi, mwizi amepita?" walimuuliza wakicheka. Naye hata hakugeuka.

Saa ya mapumziko shule iligawa chai na mkate. Mlinzi alikata mkate wake katikati, akala nusu, na nusu akaiweka chini ya dawati, ndani ya kile kijisanduku cha madaftari. Siku za kwanza mwalimu alidhani hapendi mkate. Panya walipoanza kuzoea njia, akawauliza wale wavulana.

"Anamwekea mama yake," akajibu mkubwa wao.

"Mama yake yuko wapi?"

"Njiani. Alirudi nyuma kumtafuta mtoto mdogo. Alimwambia bibi, tangulieni, nitawakuta."

Tangu hapo mwalimu alimwomba mfagizi asiutupe mkate wa jana mpaka wa leo uwekwe, ili kijisanduku kisionekane kitupu. Mfagizi alitikisa kichwa, lakini alikubali. Na kwa ajili ya mtoto huyu hasa ndipo zile ndala zilipogongomelewa, kwani kila bati lilipojipiga alikuwa anaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto.

Siku moja shule ikaletewa mkufunzi. Alikuwa kijana mpole, akakaa na walimu kuwafundisha namna ya kumlea mtoto aliyeona mabaya. Aliwaambia kuwa mtoto wa namna hiyo si mkaidi wala si mzito wa kuelewa. Ni kwamba mwili wake bado unakimbia. Mwalimu Taratibu aliposikia hivyo alihisi kama mtu amemshika bega. Mwili bado unakimbia. Ndivyo yeye alivyokuwa juu ya dawati lile, amesimama huku anakimbia.

Mkufunzi akawafundisha kuhusu kona ya utulivu. Kila darasa litenge pembe yenye mwanga mdogo, pawe na mkeka, mto, na kitu chepesi cha kujifunika. Mtoto akishtuka apelekwe pale, asisemeshwe, asiguswe, aachwe mpaka mwenyewe atulie. "Ila kabla hamjatengeneza," akasema, "kaeni kwanza na wazazi. Kila watu wana namna yao. Kinachomtuliza huyu kinaweza kumtia hofu yule."

Mwalimu Taratibu alitaka kuuliza: wazazi wenyewe tuwaulize nini, na tuanzie wapi? Aliinua mkono mpaka usawa wa sikio, akajikuna, akaushusha.

Kikao cha wazazi hakikufanyika. Kulikuwa na wageni wa kuja kuikagua shule, na Mwalimu Mkuu alitaka wazikute kona zimeshakuwapo. "Wazazi tutawaita baadaye," alisema. "Kwani kuna mzazi atakayekataa mkeka na mto?" Wote wakacheka. Naye Mwalimu Taratibu alicheka.

Mkewe alishona mto kwa vitambaa vilivyobaki vya wateja, akatoa na shuka jepesi. "Wageni wakiondoka na mimi nipeleke huko," alimwambia. "Mteja akija kudai gauni, mwambie fundi yuko konani, haruhusiwi kusemeshwa." Mwalimu alitandika mkeka mwenyewe, chini kando ya ukuta, mbali na mlango. Alirudi nyuma hatua kadhaa kuutazama. Moyo wake ulijaa. Laiti na yeye angekuwa na mahali kama hapo zamani zile.

Siku chache baadaye mafundi wakaja kubadilisha bati za darasa la jirani, na hakuna aliyekumbuka kuwaonya walimu. Nyundo zilianza zote kwa pamoja. Darasa zima lilishtuka kisha likacheka, isipokuwa Mlinzi, ambaye tayari alikuwa chini ya dawati, ameziba masikio, meno yanagongana.

Mwalimu alifanya kila kitu kama alivyofundishwa, na hapo ndipo palipoharibika.

Alimtuma mtoto mmoja akawaombe mafundi wapumzike. Akapiga magoti karibu na dawati, hakumgusa, akashusha sauti. "Mwanangu. Hakuna mtu mbaya hapa. Njoo ukakae pale." Akamwonyesha mkeka.

Mlinzi alitazama mkeka. Kisha akamtazama yeye usoni, kwa muda mrefu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akafungua kinywa.

"Mimi?"

Lilikuwa neno lake la kwanza katika darasa lile. Mwalimu nusura apige makofi. "Ndiyo, mwanangu, wewe," akasema, tena kwa upole wote aliokuwa nao. "Kaa pale. Hakuna atakayekusemesha."

Msichana alitoka chini ya dawati. Kabla ya kukanyaga mkeka alivua viatu, akavipanga pembeni. Akakaa, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha, akajifunika shuka mpaka kichwani. Hakutetemeka tena. Wale wavulana wawili waliinamisha vichwa, na mapumziko yalipofika walipita mbele yake wameshika viatu mkononi. Mwalimu akajiambia, hebu tazama adabu iliyoletwa na kona hii. Alimpelekea chai na mkate palepale. Alipokwenda kuchukua kikombe alikuta mkate umeliwa wote.

Jioni alimweleza mkewe habari hiyo kutoka mwanzo hadi mwisho, naye mkewe akasimamisha cherehani kumsikiliza, maana si kila siku masikio ya nyumba huongea.

Asubuhi iliyofuata bibi wa Mlinzi alikuwa amesimama nje ya darasa. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyewahi kufanya biashara ya nguo mipakani, hivyo lugha ya hapa haikuwa ngeni kwake. Viatu vyake alikuwa amevishika mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sikukawizi, una watoto. Nimekuja kuuliza habari imefika lini."

"Habari gani, mama?"

Bibi alimtazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyepewa kazi ngumu. "Ya binti yangu. Mjukuu wangu ameniambia jana mmemkalisha. Mmefanya vizuri, mmemkalisha kwa heshima. Ila na mimi ni mzazi. Nataka kujua ni nani aliyeileta, na amezikwa wapi."

Mwalimu hakuelewa, kisha akaelewa, na alipoelewa alishika mlango. Bibi alimweleza kwa ufupi, kama mtu anayeeleza kitu ambacho kila mwenye akili anakijua. Kwao mtu hakalishwi peke yake mkekani kando ya ukuta kwa sababu nyingine yoyote. Anakalishwa aliyefiwa. Anavua viatu, na wanaopita mbele yake huvua vyao. Anafunikwa, na hakuna anayemsemesha, mpaka mkeka uinuliwe. Hata mtoto mdogo haachwi mahali hapo akacheza, ni uchuro.

"Mama, hapana," alisema mwalimu. "Hapana. Hakuna habari. Hakuna mtu aliyekuja. Alishtushwa na nyundo tu. Ule mkeka ni wa... ni wa kupumzika. Tumefundishwa. Mtoto yeyote akishtuka anakaa."

"Nani mwingine amekaa?"

Hakuna mwingine aliyekuwa amekaa.

"Alikuuliza, ni mimi? Ukamjibu ndiyo."

"Nilimjibu, lakini sikujua anauliza nini!"

"Mwanangu," alisema bibi, "mimi ni mtu mzima. Mume wangu alipokufa waliniambia anaumwa tumbo. Wananiambia hivyo huku nasikia majembe. Wewe una huruma, nimesikia habari zako, nimeona na mlango wako huu. Mtu mwenye huruma hawezi kusema jambo hili kwa mdomo. Ndiyo maana ukatumia mkeka. Sikulaumu."

Kadiri alivyokana ndivyo bibi alivyozidi kuamini. Angekana kwa ukali, angeonekana anaficha. Alikana kwa upole, na upole ndio uliomponza. Maneno yalianza kumkwama. Kile kigugumizi alichodhani kimekufa kilinyanyua kichwa, akabaki anasema "ma-ma-mama," na bibi akampapasa mkono, yeye mfiwa akimfariji mwalimu.

Akakimbilia kwa Mwalimu Mkuu. Mama yule alitoka ofisini na kusimama wima mbele ya bibi. "Mama, shule hii haijapokea taarifa yoyote kuhusu binti yako. Nakuhakikishia."

Bibi aliitikia kwa kichwa. "Ahsante. Mmekubaliana hata wakubwa," akasema, akavaa viatu vyake alipofika getini.

"Sasa?" aliuliza Mwalimu Mkuu walipobaki wawili.

"Tuliambiwa tuwaulize kwanza," alisema mwalimu.

"Najua tuliambiwa nini." Alikunja uso, si kwa hasira. "Ondoa huo mkeka. Wa kwako peke yake. Ya madarasa mengine iache, wageni wanakuja."

Mwalimu aliondoa mkeka mchana uleule. Aliukunja, akaufunga kamba, akauegemeza nyuma ya kabati, akaona angalau hapo amefanya jambo la maana. Kesho yake Mlinzi alisimama mbele ya ukuta mtupu. Akautazama ukuta, akautazama mkeka uliokunjwa nyuma ya kabati. Yule mvulana mkubwa alimsogelea mwalimu na kumnong'oneza, kama anayemshukuru, "Umeshainua, mwalimu. Sasa imekwisha. Sasa tunaweza kumsemesha."

Mwalimu alikaa kwenye kiti chake. Somo la kwanza halikufundishwa.

Siku hiyo Mlinzi hakwenda dirishani. Alikaa dawati la katikati, karibu na wasichana wengine, na mtoto mmoja alipoomba kifutio alisema, "Chukua." Akaanza kusoma kwa sauti. Alisoma vizuri. Mwalimu wa hesabu alipopita alisimama mlangoni. "Kumbe Mlinzi ana mdomo! Bwana, hiyo kona yako ni dawa. Nitafutie na mimi mkeka, nimkalishe mke wangu, labda yeye atanyamaza." Darasa likacheka, na Mlinzi naye akacheka kidogo, kwa adabu, kama mtu mzima.

Jioni mwalimu alikwenda na mkewe kambini, kwa sababu alijua mdomo wake peke yake hautoshi. Mkewe aliongea. Aliapa, akaeleza habari za mto na vitambaa vya wateja, akalia. Bibi aliwapa viti, akawasikiliza mpaka mwisho. "Mume wako ni mtu mwema," alimwambia mke. "Mwache apumzike. Na sisi tumepumzika. Kungoja kulikuwa kunamla mtoto."

"Na akirudi?" mwalimu aliuliza. "Mama, binti yako akirudi je?"

Bibi alimtazama vibaya kwa mara ya kwanza. "Usimwite mtu aliyelala," alisema.

Njiani kurudi mkewe hakusema neno mpaka walipofika kwenye viwanda vya matofali. Hapo akasema, "Mimi ndiye niliyetoa shuka."

Siku ya mapumziko ya juma mwalimu alikwenda mwenyewe pale malori yanaposhusha watu wapya. Alikuwa amesikia kwamba kila lori lilipofika, watu wa kambi walikuwa wakiwasimamisha wanaoshuka mmoja mmoja na kuwauliza: hamkumwona mwanamke fulani, ana mtoto mgongoni, ana kovu shavuni? Ndivyo mama wa Mlinzi alivyokuwa akiulizwa. Alisimama akingoja waulize. Walitajwa wengi, waume za watu, kaka za watu. Mama wa Mlinzi hakutajwa. Akamwendea mwanamume aliyekuwa akiuliza kwa niaba ya wote, mpagazi mmoja mwenye mabega mapana.

"Samahani, ndugu. Kuna mwanamke mwingine, mwenye kovu..."

"Yule wa bibi mrefu? Huyo alishaliliwa, mwalimu. Shule yenu ndiyo iliyoleta habari."

"Hatukuleta. Niulizie, nakuomba."

Mpagazi alishusha sauti. "Aliyeliliwa haulizwi barabarani. Nikitaja jina lake hapa, watu wake watanipiga. Uliza wewe."

Mwalimu akasogea kwenye lori. Watu walikuwa wanashuka na mafurushi, macho mekundu kwa vumbi. Jina la yule mwanamke hakulijua. Hakuwahi kuliuliza, alimjua kama mama wa Mlinzi tu. Alifungua kinywa mbele ya umati ule wote, na umati ukamgeukia. "Na-na-na..." alianza. Mtu mmoja akamsukuma kando kwa upole ili apitishe godoro.

Wageni wa ukaguzi walikuja. Walipendezwa sana. Mwalimu Mkuu aliwaleta hadi darasa la pili na kuwaonyesha msichana wa dawati la katikati. Hakusema uongo hata kidogo: mtoto huyu hakuwa akisema, sasa anasema, hakuwa akila vizuri, sasa anamaliza. Wageni wakamtazama mwalimu, wakingoja neno lake. Aliinua mkono mpaka usawa wa sikio. Mwalimu Mkuu akamtazama naye, na macho yake yalikuwa yanaomba. Mwalimu akajikuna, akaushusha.

Waliondoka saa ya mapumziko, mkate ulipokuwa ukigawiwa. Mlinzi alikula wake wote, akafuta makombo mdomoni, akatoka kucheza. Darasa lilipobaki tupu mwalimu alikwenda kwenye dawati la dirishani. Kijisanduku kilikuwa kimefagiliwa safi. Mfagizi hakuwa tena na sababu ya kubakiza kitu. Mwalimu alikata mkate wake katikati. Nusu akaila akiwa amesimama, akitazama barabara, nayo haikuwa na mtu. Nusu akaiweka ndani ya kijisanduku, akarudi kwenye kiti chake.

Kengele ilipogongwa watoto waliingia kwa vurugu, naye akawaambia taratibu. Mlinzi alipita karibu na dirisha, akaona kitu, akainama. Alikuja mpaka mezani akiwa ameushika mkate kwa mikono miwili, jinsi mtoto mwenye malezi mema anavyompa mtu mzima kitu.

"Mwalimu," alisema, kwa sauti safi iliyosikika mpaka nyuma, "umesahau mkate wako."